Magoti yananiuma: nitembee wapi Mtwara na Lindi?

*Swali: Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 61. Nimehamia Mikindani kwa binti yangu baada ya kuishi bara miaka mingi. Natumia dawa za presha. Magoti yananiuma, zaidi la kulia, na nikishuka ngazi yanalia. X-ray ilionyesha yamesagika. Daktari kaniambia nitembee kila siku, majirani wananiambia nikitembea ute utakwisha kabisa. Mwingine kanishauri nitembee peku kwenye mchanga wa bahari kwa sababu ni laini. Nikaenda, nikarudi salama, lakini siku mbili zilizofuata hata kuchuchumaa sikuweza. Mwezi wa kumi na mbili wanangu wanakuja na wanataka twende Lindi na Newala, tuone Shimo la Mungu. Nianzie wapi? Na vilima niviache kabisa?*

Shikamoo mwalimu. Swali lako moja lina matatu ndani yake: kama kutembea kutakumalizia magoti, kwa nini mchanga ulikuumiza wakati kila mtu anausifia, na kama safari ya Desemba uikubali au ubaki nyumbani kulinda nyumba. Kwa ufupi: tembea, mchanga mkavu uache, na Newala nenda. Sababu zake ni ndefu kidogo, na inabidi tuanzie kwenye goti lenyewe, kwa sababu majirani zako wameshakutisha.

Ncha za mifupa inayokutana gotini zimefunikwa na gegedu, ile nyeupe unayoitafuna mwishoni mwa mfupa wa kuku. Gegedu haina mishipa ya damu. Chakula chake hukipata kwenye ute wa goti, na ute huo hauingii wenyewe. Unapokanyaga, gegedu inabanwa na kutoa majimaji yaliyotumika. Unapoinua mguu, inafyonza mapya, kama dodoki unalolikamua na kuliachia ndani ya beseni. Kwa hiyo goti linalokaa kitini kutwa nzima ndilo linalokosa chakula. Na ute wenyewe si akiba uliyozaliwa nayo ikawa inapungua kila ukipiga hatua. Utando unaozunguka kiungo unautengeneza kila siku, hata sasa unaposoma hapa. Najua kinachofuata ni habari ya bamia, kwamba inaongeza ute wa goti. Bamia ni mboga nzuri, kula mwalimu, lakini ule mlenda wake unaishia tumboni na kwenye utumbo. Hauna njia ya kwenda gotini.

X-ray nayo tuiweke mahali pake. Watu wengi wa umri wako wakipigwa picha wataonekana wamesagika, na baadhi yao hawana maumivu yoyote. Wengine picha zao ni safi na wanachechemea. Picha inaonyesha umbo la mifupa, haionyeshi nguvu ya misuli ya paja, na hiyo misuli ndiyo inayoamua goti litabeba nini. Na mlio wa goti usioambatana na maumivu makali wala uvimbe haukuhusu, uache ulie.

Sasa mchanga. Laini si sawa na nyepesi. Kwenye mchanga mkavu mguu unazama, kisigino kinakosa pa kusukumia, kifundo kinayumba, na misuli ya muundi na paja inafanya kazi ya ziada kila hatua ili usianguke. Kwa mwendo uleule, mchanga mkavu unakula nguvu mara mbili au zaidi ya ardhi ngumu. Juu ya hapo ufukwe umeinama kuelekea majini, kwa hiyo mguu mmoja unatembea chini kuliko mwenzake mwendo wote, na goti la upande mmoja linapindwa kidogo kila hatua. Ukichanganya na kuvua viatu baada ya miaka mingi ya kuvaa viatu vya ualimu, mwili utalalamika tu.

Lakini tazama ulivyoandika mwenyewe: ulirudi salama, maumivu yakaja baadaye na kukaa siku mbili. Hiyo mara nyingi ni tabia ya misuli iliyopewa kazi isiyoizoea. Goti lililoumia kweli kwa kawaida hukwambia palepale, au linavimba usiku uleule. Siwezi kuapa bila kukushika goti, ila kwa maelezo yako ningesema hukuharibu kitu. Ulianza tu na njia ngumu kuliko zote huku ukiambiwa ndiyo rahisi.

Pwani yetu ina mchanga mwingine, ule ulioachwa na maji, mgumu na wenye unyevu, ambao ukikanyaga unaacha alama ya kiatu bila kuzama. Huo ni mzuri sana kwa magoti. Shida ni kwamba haupatikani saa zote, na hapa ndipo watu waliotoka bara wanapopotea. Maji yanapwa mara mbili na kujaa mara mbili kwa siku, na saa zake zinasogea mbele kila siku, kwa wastani wa dakika hamsini hivi. Siku za bamvua, yaani maji makubwa, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji ya pwani hii hupwa kabisa kama saa nne asubuhi na kujaa kama saa kumi jioni. Wiki moja baadaye, kwenye maji mafu, mambo yanageuka: asubuhi saa nne ndipo yamejaa. Kwa hiyo ukisikia mtu anakwambia “nenda ufukweni asubuhi”, ujue hajakwambia kitu mpaka akutajie mwezi.

Kwa mwalimu mwenye presha ambaye hatakiwi kuchomwa na jua la saa nne, siku nzuri ni zile tatu nne kabla ya bamvua. Kwa tarehe za mwezi wa Kiislamu, ambazo Mikindani kila mzee anazijua, ni kama tarehe 11 na 12, na tena 25 na 26. Siku hizo maji hupwa kati ya saa moja na saa mbili na nusu asubuhi, ufukwe mgumu uko wazi, na jua bado lina adabu. Ukitaka uhakika, waulize akina mama wanaokwenda kuchokoa pweza. Wao hawakosei, kwa sababu wakikosea hawali.

Ukiwa huko, geuka kurudi kabla maji hayajageuka. Yanapoanza kujaa saa ya kwanza unaona kama yamelala, kisha saa ya tatu na ya nne yanakuja kwa kasi. Karibu nusu ya maji yote yanaingia katika saa hizo mbili. Tena hayaji kwa mbele tu. Kwenye ghuba kama ya Mikindani yanapita kwanza kwenye vijito vilivyo nyuma yako, kati yako na nchi kavu, na mtu mwenye goti bovu hawezi kukimbia kwenye tope la mikoko.

Na peku hapana. Penye miamba ya matumbawe kuna wale viumbe weusi wenye miba mirefu, kuna kombe zilizovunjika, na siku hizi kuna chupa. Vaa raba zenye soli pana isiyokunjika katikati. Kama hujawahi kupima sukari, pima kabla ya yote, kwa sababu mwenye kisukari anaweza kukatwa unyayo asijue.

Tuje kwenye njia. Anza hapohapo Mikindani. Usianze na ufukwe, anza na mtaa: kutoka nyumbani kwa binti yako, pita kwenye vichochoro vya mji wa kale, kwenye nyumba za mawe zenye milango ya kuchonga, utokee kando ya ghuba. Ni tambarare, kuna vivuli vya miembe na minazi, kuna baraza za kukaa ukichoka, na watu watakusalimia, jambo ambalo nalo linakulazimisha kusimama na kupumzisha mguu bila kuona haya. Nenda dakika kumi, rudi dakika kumi. Wiki ya kwanza iwe hivyohivyo, siku tano kati ya saba. Wiki inayofuata ongeza dakika mbili tatu kila upande, si zaidi.

Utakapofika barabara kuu ya Mtwara na Lindi, inayopita karibu kabisa na maji, tembea upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia. Malori hapo hayana mzaha. Nisingekushauri uifuate barabara hiyo mbali. Ukitaka badiliko, panda bajaji uende Shangani mjini Mtwara: barabara za mtaa zimetulia, ni tambarare kabisa, bahari iko jirani, na maji yakipwa unashuka ufukweni hatua chache tu. Kwangu mimi Shangani ndiyo njia bora ya mwenye goti katika mji wote, kwa sababu ya jambo moja dogo: ukichoka popote, bodaboda iko karibu.

Msangamkuu ng'ambo ya kivuko ni pazuri kwa macho, lakini mchanga wake mwingi ni ule mkavu unaozama. Nenda ukakae, usiende kutembea. Msimbati na Ruvula hivyohivyo. Ni mbali, wastani wa kilomita arobaini kutoka mjini, ni ndani ya hifadhi ya bahari ya Ghuba ya Mnazi na maingilio ya Ruvuma iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo ulizieni kiingilio kabla ya kutoka. Ufukwe wake una mteremko mkali kuelekea majini. Wapeleke wajukuu, wewe beba kitambaa chako na kitabu.

Vilima sasa. Watu wanaogopa kupanda, na kosa liko hapo. Kupanda kunachosha moyo na mapafu, goti halilalamiki sana. Kinacholiumiza ni kuteremka: unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inashika breki huku ikinyooshwa, na pia ya goti, ule mfupa mdogo wa mbele, inabanwa mfupani kwa nguvu kubwa kuliko unapotembea tambarare. Ndiyo maana goti lako linalia ukishuka ngazi na si ukipanda. Kwa hiyo ukipima kilima, usiulize “nitafika juu?” Uliza “nitarudije chini?”

Kilima kilicho nyuma ya Boma la Mikindani, lile la Wajerumani la mwaka 1895, kinafaa kuwa mtihani wako wa kwanza, lakini baada ya mwezi mzima wa tambarare. Usikimalize. Panda mpaka pale unapoanza kuiona ghuba yote chini yako, halafu geuka. Mji huu Livingstone ndiko alikoanzia safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866, na sidhani kama kuna sehemu ya kuuona vizuri kuliko hapo mteremkoni. Kushuka, fanya hatua ziwe fupi, kunja magoti kidogo, na usiteremke moja kwa moja. Kata kushoto, kata kulia, kama njia za mbuzi. Chukua fimbo, tena ishike mkono wa kushoto, kwa sababu goti bovu ni la kulia. Wengi wanaishika upande wa maumivu, na hapo haiwasaidii inavyopaswa. Fimbo na goti bovu vinakwenda mbele pamoja.

Vijia vya mikoroshoni nyuma ya miji yetu ni vizuri pia, udongo wake ni mchanga mwekundu ulioshikana. Angalia majira tu. Kuanzia kama Mei mpaka Agosti wakulima wanapuliza salfa kuzuia ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho, mara nyingi asubuhi na mapema hewa ikiwa imetulia, saa zilezile unazotaka kutembea. Ukiona ukungu wa manjano kati ya miti, geuza. Unawasha macho na kubana kifua. Mvua zikianza, kwa kawaida Desemba, nyasi zinafunga njia na nyoka hawaonekani. Hapo rudi mtaani.

Newala ni kilima cha ajabu, na kwa goti lako ni bahati. Mji uko juu, ukingoni mwa uwanda wa Makonde, kwa hiyo kazi ya kupanda inafanywa na gari. Ukishafika, unatembea tambarare kwenye hewa ya ubaridi mpaka ukingoni, unasimama Shimo la Mungu, na nchi inaporomoka chini yako kuelekea bonde la Ruvuma na Msumbiji. Huhitaji kushuka hata hatua moja. Na usishuke. Kwenye mlima wa kawaida uchovu unakukuta ungali unapanda, ukaghairi ukarudi. Hapa kunaanza kushuka, kwepesi kwa pumzi na kubaya kwa goti, halafu kupanda kunakungoja mwisho ukiwa huna nguvu. Uwanda huo una shida ya maji tangu zamani, na akina mama wa Kimakonde waliyateremkia maji bondeni na kuyapandisha kichwani; ukisimama pale juu ukatazama chini utajua walikuwa na magoti ya namna gani. Wanao wakitaka kushuka, washuke. Wewe kaa mbali kidogo na ukingo, hasa kama mvua imenyesha, maana udongo wake unateleza.

Kitakachokuumiza siku ya Newala si matembezi, ni gari. Goti lililokunjwa saa nyingi linaganda. Mwambie dereva asimame Nanyamba au Tandahimba, ushuke, utembee dakika tano, unyooshe mguu. Kwenda Lindi simameni Mnazi Mmoja, pale njia ya Masasi inapochepuka.

Lindi kwenyewe kumegawanyika vizuri kwa ajili yako. Chini kando ya ghuba ni tambarare na unaweza kutembea jioni upepo wa bahari ukivuma. Nyuma ya mji kuna mlima Kitulo. Fanyeni hivi: pandeni Kitulo kwa bajaji, mtazame ghuba na mdomo wa mto Lukuledi, kisha mshuke kwa bajaji hiyohiyo. Najua wanao watasema huo si utalii wa miguu. Waambie nimesema mimi. Kivuko cha kwenda Kitunda nacho kinapendeza, ila upande ule vilima vinaanza mapema, kwa hiyo kaeni karibu na gati. Mtu akiwapendekezea Tendaguru, kule Wajerumani walikofukua mifupa ya dinosaria kati ya 1909 na 1913, mjue mifupa mikubwa iko Berlin na njia ya kwenda huko itakuchosha kuliko kilima chenyewe. Miamba ya Masasi waachie vijana.

Kipimo cha kila siku ni kimoja: goti likoje kesho yake asubuhi? Maumivu madogo wakati unatembea yasikutishe. Yakiwa yametulia ulipoamka, umepatia. Rudia au ongeza kidogo. Ukiamka yakiwa mabaya kuliko jana, ulizidisha; punguza nusu, usiache kabisa. Na nyumbani, kila asubuhi kabla ya chai, kaa kwenye kiti kigumu, simama bila kujishikiza kwa mikono, kaa taratibu. Mara nane, pumzika, mara nane tena. Likiuma sana weka mto kitini ili kiwe juu zaidi. Zoezi hili halivutii hata kidogo, ila ndilo litakalokushusha Kilima cha Boma. Kama uzito umezidi, kila kilo inayopungua inaliondolea goti mzigo wa kama kilo nne kwa kila hatua.

Kuhusu presha, usitumie mapigo ya moyo kama kipimo, maana baadhi ya dawa zinayazuia yasipande. Tumia mdomo: uweze kuongea sentensi nzima, usiweze kuimba. Siku ambayo kipimo cha nyumbani umekaa kinasoma 180 kwa 110 au zaidi, usitembee. Pumzika, pima tena, na ikibaki hivyo nenda hospitali. Na tafadhali usinunue diklofenaki au ibuprofeni dukani ili “upate nguvu ya kutembea”. Dawa hizo zinapandisha presha, zinagombana na baadhi ya dawa zake, na zinabana figo, zaidi ukiwa umetoka jasho hukunywa maji. Zinaficha pia ile taarifa ya asubuhi tuliyoizungumzia.

Yapo mambo yasiyojibiwa kwa maandishi. Goti likivimba ghafla, likawa jekundu na la moto, hasa pamoja na homa, nenda siku hiyohiyo. Likikwama lisikunjuke, au likikuachia ukaanguka, nenda wiki hiyo. Shavu la mguu mmoja likivimba na kuuma bila kujigonga, au kifua kikibana, au pumzi ikikata ukiwa kwenye tambarare uliyoizoea, usisubiri asubuhi. Maumivu yanayokuamsha usiku ukiwa umelala tu, au ganzi na udhaifu wa mguu, nayo yanahitaji mikono ya mtu. Hospitali ya rufaa ya kanda iko Mitengo, hapo Mikindani kwenu, na Ligula iko mjini.

Hata bila dalili hizo, ningependa mtaalamu wa viungo akuone mara moja kabla ya Desemba, akupime nguvu ya paja na urefu wa fimbo. Nenda na picha yako ya X-ray, dawa zote unazokunywa pamoja na za mitishamba, na viatu vyako vya zamani ulivyovitembelea zaidi. Soli ilivyolika upande mmoja itamwambia jinsi unavyokanyaga kuliko utakavyoweza kumweleza.